Baiskeli Isiyokwenda na Bokilo Wangu

Katika ukoo wetu wote, tangu wale waliobaki mtoni mpaka sisi tuliokuja kuishi mjini, mwanamke wa kwanza kukanyaga baiskeli ni mimi. Nilikuwa nimepita miaka sabini. Baiskeli yenyewe ilikuwa imefungwa kwa buloni kwenye sakafu ya hospitali, haikunipeleka hata hatua moja. Lakini niliikanyaga, jasho likanitoka mpaka kwenye visigino, na kila mtu aliyekuwa chumbani aliona.

Mtu wa Kisangani ataelewa kwa nini ninajivuna. Mji wetu ni mji wa baiskeli. Toleka, baiskeli za kubeba abiria, zimenibeba maisha yangu yote, kutoka kwetu Tshopo mpaka Makiso, mimi na mizigo, mimi na watoto, mimi na mimba. Mwanamke anakaa nyuma kwenye sponji, miguu yote upande mmoja, mkono umeshika chini ya kiti cha dereva. Kukanyaga ni kazi ya wanaume. Hakuna aliyenikataza. Halikuwahi kuniingia kichwani tu.

Shule niliachia primaire ya tatu, na kalamu yangu inakwenda polepole, lakini kichwa changu kinashika majina. Majina ya wote walioko ndani ya habari hii ninayo, na ya baba zao pia. Siyaandiki. Mambo ya moyo wa mtu na mambo ya ukwe si ya kutangazwa na jina.

Ugonjwa ulinikamata sokoni, asubuhi, mbele ya meza yangu ya samaki wa moshi. Kwanza taya, kama jino linataka kung'oka. Halafu mkono wa kushoto ukawa mzito. Nikasema ni uchovu wa kutwanga pondu, majani ya muhogo, jana. Kulikuwa na mteja mmoja anayesumbua, anageuza kila samaki kama anatafuta jina lake chini ya magamba, na mimi sipendi kushindwa na mteja wa namna hiyo. Tukaendelea kubishana mpaka nikaona meza inapanda juu. Nilipofungua macho nilikuwa hospitali, nimebandikwa nyuzi kifuani. Daktari akasema ni crise ya moyo: mshipa mmoja umeziba, sehemu ya moyo imeumia. Nililala pale karibu wiki mbili.

Nina mabinti wanne. Siku niliporudi nyumbani, yule mkubwa, ambaye ameolewa na seremala wa Makiso, alikuwa amekwisha kuja. Alikuwa amechukua fagio, kinu na ndoo, amevifungia chumbani, ufunguo ameutia kwenye fundo la pagne yake, kitenge alichojifunga.

"Mama, sasa kazi yako njo kukaa."

"Mpaka lini?"

"Mpaka Mungu aseme."

Wakaniwekea kiti kizuri mbele ya mlango, na mto chini, na mto mgongoni. Kwetu mgonjwa ni mtu wa kiti. Wageni wakija wakikukuta umesimama, watasema njiani: yule mama hana watoto. Wakikukuta umekaa, miguu imefunikwa, watasema: ona namna wanamtunza. Kwa hiyo kiti kile hakikuwa changu. Kilikuwa sifa ya mabinti zangu, na mimi nilikuwa ninaikalia.

Karatasi ya daktari ilisema kitu kingine. Ilisema mardi na jeudi, yaani Jumanne na Alhamisi, kila asubuhi ya siku hizo, kwa miezi mitatu, niende kwenye chumba cha mazoezi cha hospitali. Binti yangu aliisoma mara mbili.

"Sport? Mutu wa moyo?"

Jirani yangu, mama mmoja anayeuza mawese, alikuwa amekuja kunitazama. Naye akaingilia. "Hospitali ilimutoa ku kaburi, sasa inamutuma kukimbia? Bazee banakimbia wapi, bo?"

"Sijui," nikasema. "Wameandika."

"Waache waandike," binti yangu akasema, akaikunja karatasi, akaitia ndani ya Biblia yangu. Ni mahali pa heshima, lakini ni mahali ambapo karatasi haikusumbui.

Nilikaa wiki sita. Ninasema ukweli, kidogo nilipenda. Chai inakuja, uji unakuja, wajukuu wananipepea. Halafu siku moja nilitaka kwenda choo, ambacho kiko nyuma ya lupango letu, ua wa nyumba, hatua ishirini na tano kutoka kiti changu. Nilipofika kati ilibidi nishike ukuta. Moyo haukuwa unauma. Miguu ndiyo ilikuwa imesahau. Mimi, niliyetembea na beseni la samaki kichwani tangu bandarini kabla watu hawajanawa uso! Nilisimama pale nimeshika ukuta nikaona haya mbele ya kuku.

Nilirudi chumbani, nikafungua Biblia, nikatoa karatasi.

Mardi iliyofuata nilisimamisha toleka barabarani. Dereva akaniuliza, "Mama, ku hospitali? Unaenda kuangalia mugonjwa?"

"Hapana. Naenda kufanya sport."

Baiskeli ikayumba, karibu tuingie mfereji. Njia nzima alikuwa anageuka kunitazama.

Chumba kile ni kirefu, na ndani kuna baiskeli mbili zilizofungwa chini, ngazi ya mbao ya vidaraja vitatu inayopanda na kushuka bila kufika popote, na mlango unaotoka kwenye korido ndefu ya kutembelea. Anayetuongoza tunamwita kine, kazi yake ni kurudishia watu nguvu za mwili. Ni mwanamke wa miaka kama thelathini, mfupi, ana sauti ya mtu aliyezoea kuita mtumbwi kutoka ng'ambo. Alinipima tension ya damu, akanipima pigo la moyo, akasema, "Bon, mama, panda."

Nikapanda. Nikakaa vizuri, nikakusanya pagne yangu, nikashika.

"Mama, unafanya nini?"

"Si nimepanda?"

"Umepanda, ndiyo. Alors, nani atakanyaga?"

Ndipo nikajitazama. Nilikuwa nimekaa upande, miguu yote miwili kushoto, mkono umeshika chini ya kiti. Nilikuwa ninangoja dereva. Kwenye baiskeli ya pili kulikuwa na mzee mmoja, mwalimu wa pensheni, alicheka mpaka kine akamwendea kumpima pigo la moyo upya.

"Leo toleka njo weye, mama," kine akaniambia. "Leta mguu huku."

Mguu ukaenda huku, pagne ikakataa. Pedali ilikishika kitambaa ikakizungusha, kidogo nianguke. Siku hiyo nilipanda ngazi tu, vidaraja vitatu juu, vitatu chini, nikarudi nyumbani nimechoka kama mtu aliyelima. Jeudi nilivaa treningi, suruali ya michezo ya mjukuu wangu wa kike, ya bluu yenye mistari myeupe, chini ya pagne. Mlangoni nikafungua pagne, nikaikunja, nikaitia begani. Kutoka mlango mpaka baiskeli ni hatua kumi. Nilizitembea nimefumba macho.

Nilikanyaga dakika tatu. Wiki ya pili, tano. Mwezi ulipokwisha nilikuwa ninafika kumi na mbili, na ukuta wa nyuma ya lupango sikuushika tena. Binti yangu mkubwa aliniona ninafagia, akafungua mdomo, akaufunga. Ufunguo ulibaki kwenye fundo lake kwa sababu fagio nililoshika nilikuwa nimelinunua jipya.

Kine alikuwa na daftari la majina, lakini mimi sikulihitaji. Nikiingia tu nilijua nani hayuko, na kwa nini. Kulikuwa na mama wa Lubunga, ng'ambo ya mto, aliyekuja mara mbili akaacha: kuvuka ni nusu siku, na shamba halingoji. Kulikuwa na mtu wa makamo ambaye pasta wake alisema amekwisha kupona, na kwamba mtu aliyepona akienda mazoezi anamwonyesha Mungu mashaka. Kulikuwa na papa mmoja, ndivyo tunavyomwita baba wa heshima, ambaye ndugu zake walimfuata wakamwona anakanyaga, wakasema kama ana nguvu ya baiskeli ana nguvu ya kurudi kubeba magunia. Akaogopa kuonekana mzima. Mimi nilikuwa ninawahesabu kila mardi moyoni, jina kwa jina, kama mama anavyohesabu watoto kabla ya kufunga mlango, na nilikuwa ninajiambia kwamba mimi, wa primaire ya tatu, niko bado.

Sasa ninafika kwa seremala.

Mume wa binti yangu mkubwa ni bokilo wangu, na mimi ni bokilo wake. Wasiokuwa wa kwetu lazima niwaelezee. Kwetu mtoni, mama mkwe na mkwe wake wanaheshimiana kwa umbali. Hawali meza moja. Hawatazamani usoni. Nikifika kwake, yeye anatoka kwa mlango wa jikoni. Tukikutana njiani, yeye anaingia kando, mimi ninainamisha kichwa na kuvuta kitambaa. Akitaka kuniambia kitu, anamwambia mke wake au mtoto, "Umwambie mama." Si chuki. Mtu huyo alinitengenezea kitanda, meza, na mlango wangu wa mbele. Alipokuja kuufunga mlango nilikwenda kwa jirani nikakaa mpaka amemaliza. Tuliishi hivyo miaka ishirini na sita, na kila mtu alisema: mama huyu na bokilo wake wanajua heshima.

Nilikuwa katika mwezi wangu wa pili wa mazoezi yeye alipoanguka katika atelier yake ya useremala, randa mkononi. Crise ya moyo, kama yangu. Hajafika hata miaka sitini. Mungu alisaidia, akatoka hospitali, naye wakampa karatasi: mardi na jeudi.

Mmekwisha kuona.

Mimi sikuona. Nilifikiri yeye atapewa saa nyingine. Mardi hiyo nilikuwa juu ya baiskeli, nimepamba moto, treningi imepanda mpaka karibu na magoti kwa sababu ya joto, kitambaa cha kichwa nimekitoa, nywele nyeupe zote nje. Mlango ukafunguka. Alikuwa yeye. Nilijua kwa viatu vyake, maana uso wake sikuujua. Viatu vile vilisimama kidogo. Halafu vikageuka. Nilisikia vinakwenda kwenye korido, haraka, haraka kuliko mtu wa moyo anavyoruhusiwa kwenda.

Kine akakimbia mlangoni. "Papa! Papa, ni hapa!" Akarudi. "Huyu anakimbia nini?"

"Mimi," nikamjibu.

Kesho yake binti yangu alikuja kwangu kabla ya jua kuwa kali. Hakukaa.

"Mama, amesema afazali kufa kuliko kuona tena ile aliona."

"Aliona nini? Magoti. Magoti yenyewe ya kizee."

"Mama, usifanye mchezo! Dokta alisema akikaa bila mazoezi, na tumbo ile, na tension ile, moyo utamurudilia. Nilimubembeleza, anageukia ukuta." Akafuta uso kwa ncha ya pagne. "Weye umeshapona. Unafagia, unabeba ndoo. Umuachie nafasi."

Nilikasirika. Ninaandika hivyo kwa sababu ni kweli. Ni yeye aliyenifungia fagio, na sasa nilipoipata miguu yangu anataka niirudishe kwenye kiti kwa ajili ya mume wake. Lakini ni mtoto wangu, na mume ni wake, na sikumzaa awe mjane. Nikasema sawa.

Jeudi sikwenda. Mardi sikwenda. Nilikaa kwenye kiti, sifungui mdomo, wageni wakafurahi. Jeudi nyingine kine mwenyewe akanipigia simu.

"Mama, uko wapi? Na yule papa wa kukimbia yuko wapi? Niko na baiskeli mbili hapa hazina mutu."

Yeye naye hakuwa amekwenda! Nilimwita binti yangu. Kumbe mume wake alipoambiwa nimemwachia nafasi alisema ndiyo vibaya zaidi: mkwe gani anamfukuza mama mkwe kwenye dawa yake? Watu watasema nini mama huyo akifa? Kwa hiyo mimi nilikuwa nimekaa kwa ajili yake, yeye amelala kwa ajili yangu, na heshima yetu ilikuwa inatuua wote wawili polepole.

Nilimwomba kine atupe siku tofauti. Akasema haiwezekani. Siku nyingine chumba ni cha watu wa mifupa iliyovunjika na watoto wa miguu mibaya, na yeye ni mmoja tu. Nikamwuliza kama anaweza kutundika pazia kati ya baiskeli mbili. Nikasikia anazuia kicheko, halafu akasema, "Mama, lazima nione sura zenu mukikanyaga. Sura njo inaniambia kama moyo unachoka."

Basi nikafikiri siku tatu. Nikakumbuka jambo la utotoni, mwaka maji yalipopanda kijijini na mkwe mmoja akalazimika kumbeba mama mkwe wake mgongoni mpaka kwenye mtumbwi. Alimgusa! Maji yaliposhuka, hawakuachwa hivyo. Wazee walidai jogoo, wote wawili wakaweka mikono juu yake, maneno yakasemwa, wakala pamoja. Tangu siku hiyo walisalimiana kama mama na mtoto. Heshima ilibaki, umbali ukafunguliwa. Aliyetoa jogoo alikuwa mkwe, kwa sababu ndiye aliyegusa.

Nilikwenda kwa mdogo wangu wa kiume, ndugu pekee aliyenibakia, watoto wangu wanamwita tonton, yaani mjomba, na ndiye anayejua maneno yale. Nikamwambia: nataka kutoa jogoo.

"Nani atoe?"

"Mimi."

"Weye, mama bokilo?" Akaweka kikombe chini. "Sijawahi kusikia. Jogoo anatoka kwa mukwe."

"Anatoka kwa aliyevunja umbali. Si ndivyo?"

"Ndivyo."

"Nani alivunja? Yeye alifungua mlango tu, amevaa suruali yake vizuri. Aliyekuwa magoti nje, kichwa wazi, ni mimi. Kosa ni langu. Jogoo ni wangu."

Alizungusha kikombe. "Batu batacheka."

"Wacheke. Sisi tutakuwa hai."

Siku ya Mungu, baada ya misa, tulikwenda Makiso: mimi, mdogo wangu, na jogoo mwekundu mwenye miguu kama ya askari. Tulipoingia kwenye lupango nilisikia mlango wa jikoni unafunguka. Alikuwa anatoka, kama kawaida. Nilikaa kwenye mkeka barazani, jogoo mapajani, nikasema kwa sauti, si kwake, bali kwa jogoo, maana desturi inaruhusu kumtuma kiumbe:

"Jogoo, umwambie bwana wa nyumba hii kwamba mama mkwe wake amekuja kutengeneza kosa lake."

Halafu sauti ikatoka nyuma ya ukuta wa jikoni. "Jogoo, umwambie mama hana kosa."

"Umwambie analo. Alikaa magoti nje."

"Umwambie miye njo nilifungua mulango bila kupiga hodi."

"Umwambie mlango wa hospitali hauna hodi."

Binti yangu, katikati, alikuwa ameshika mwiko, hajui acheke au alie. Mdogo wangu akatikisa kichwa. "Mutamuchokesha huyu jogoo kwa kumutuma."

Nikaona mchezo umetosha. "Jogoo," nikasema, "umwulize neno moja tu. Binti yangu nilimpa yeye. Anataka kunirudishia binti akiwa mjane, kwa sababu ya treningi?"

Kuku wa jirani walikuwa wanakwaruza. Jogoo wangu akapiga mabawa, akachafua pagne yangu ya misa, na hata hivyo sikumwachia. Halafu nikasikia viatu. Vilizunguka nyumba, vikaja mbele, vikasimama pembeni ya mkeka. Akapiga magoti, kwa shida, mtu mkubwa wa tumbo, akaweka mkono wake juu ya bawa la kushoto. Mimi nilikuwa nimeshika la kulia. Mdogo wangu akasema maneno. Siwezi kuyaandika, si yangu kuandika. Mwisho wake alisema, "Sasa mutazamane."

Niliinua kichwa. Ana jicho la kushoto dogo kidogo kuliko la kulia, na kovu kwenye nyusi. Miaka ishirini na sita ninalala kwenye kitanda alichonitengenezea, na sikujua. Yeye machozi yalikuwa yanashuka, anasema tu, "Mama. Mama." Mimi sikulia. Nilikuwa ninamtazama vizuri.

Jogoo alipikwa. Binti yangu, kwa sababu ya amri za daktari, alimpika bila chumvi, na kwa mafuta kidogo kama dawa ya macho. Mdogo wangu alilalamika kwamba katika ukoo wetu hakuna jogoo wa heshima aliyewahi kuliwa hivi, kama chakula cha mfungwa. Tulikula meza moja, ile aliyoitengeneza yeye. Sikumbuki kula vizuri hivyo.

Habari ilizunguka. Jirani wa mawese alisema nimeuza desturi. Sikumjibu vibaya. Nilimwuliza tu desturi ya jogoo ni ya nani, kama si yetu. Mwezi ule ule alikuja kuniuliza, kwa sauti ya chini, kama chumba kile kinapokea pia watu wa kisukari.

Mardi, seremala alikuja. Alipiga hodi kwenye mlango wa hospitali, ambao hauna hodi, na chumba kizima kikaitika "Karibu!" Alikuwa amevaa suruali ya kazi na mkanda. Kine akampandisha kwenye baiskeli ya pembeni yangu. Dakika nne, akawa anapumua kama msumeno.

"Papa, inatosha leo," kine akasema.

"Mama amefanya ngapi?"

"Ishirini."

Jeudi alifanya sita.

Kuna neno moja tulilobaki nalo. Mwishoni mwa miezi mitatu yangu, kine anampima kila mtu kwenye korido: anaweka chupa mbili za plastiki zenye mchanga, moja huku moja kule, unatembea dakika sita, anahesabu umezunguka mara ngapi. Siku hiyo wengi hawakuja, mvua ilikuwa imenyesha, akatupima sisi wawili pamoja, mimi kipimo cha mwisho na yeye cha katikati. Tukaanza. Mzunguko wa kwanza, wa pili, nikasikia viatu vyake nyuma yangu, pale pale, havisogei.

"Papa!" kine akapaza sauti. "Usimufuate mama! Weye uko na miguu mirefu, tembea mwendo yako!"

"Siwezi kumupita."

"Juu ya nini?"

"Ni bokilo wangu. Jogoo alifungua macho, hakunifungulia kumupita."

Mwalimu wa pensheni, ambaye alikuwa kwenye benchi, akaanza tena kicheko chake. Kine akashika kichwa. "Mais papa, nikiandika hivi, nitaandika miguu ya mama, si yako! Dokta atasoma ya uongo!"

Yeye akabaki nyuma yangu, kwa heshima, anavuta hatua zake fupi fupi kama mtu kwenye maandamano ya kanisa. Nilielewa kwamba hatabadilika, na kwamba kwa maneno sitamshinda. Na daktari alihitaji kujua moyo wa mtoto wangu una nguvu gani. Njia ilikuwa moja tu. Nikaifunga treningi kiunoni vizuri, nikakaza mikono.

"Mwanangu," nikasema bila kugeuka, "unifuate basi."

Nikaenda. Si kukimbia, kine hakubali kukimbia, lakini nilitembea kama nilivyotembea zamani na beseni, samaki wakiwa wabichi na jua limekwisha kutoka. Chupa, geuka. Chupa, geuka. Nilisikia viatu vyake vinaanza kurefusha hatua, pumzi yake inapanda, kine anatembea kando yetu anatutazama nyuso na kusema vizuri, vizuri, musiongeze tena. Wagonjwa wa chumba cha jirani walitoka kwenye milango. Kine alipopiga makofi kwamba dakika zimekwisha, tulisimama, mimi mbele, yeye nyuma hatua mbili, tumeshika viuno.

Kine akaandika ya kwake, akaandika ya kwangu. Akatazama karatasi, akanitazama.

"Mama, hii ni zaidi ya wote nimepima mwaka huu."

"Andika na miaka yangu pembeni," nikamwambia, "ili daktari asifikiri ni kosa la kalamu."